Muwasho wa Njia ya Haja Kubwa: Asili Zake na Nafuu Yake

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo tembe ya udongo ambayo wageni hupelekwa kuitazama. Ile ya awali iliporomoka zamani, na hii iliyopo ilijengwa upya ili iwe makumbusho. Hapo ndipo alipokaa Daktari David Livingstone tangu tarehe 18 Februari 1872, alipowasili pamoja na Henry Morton Stanley kutoka Ujiji, mpaka tarehe 25 Agosti ya mwaka huo. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani. Mzee yule alibaki Unyanyembe akingoja wapagazi. Hayo yamo katika vitabu vya shule. Lisilokuwamo ni kwamba mtu huyo aliyekuwa akingoja alikuwa na maradhi ya bawasiri, aliyokaa nayo kwa miaka mingi, na ambayo miaka minane kabla ya hapo alikataa yatibiwe.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1864, Livingstone alipokuwa amerudi kwao, James Syme wa Edinburgh, mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa zama zile, alimshauri kwa mkazo akubali kupasuliwa. Livingstone, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu aliyehitimu Glasgow, hakukubali. Miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba jambo hilo lingefika magazetini, naye hakupenda watu wauzungumze udhaifu wa mwili wake. Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Njia ya Joseph Lister ya kuzuia uozo wa vidonda ilitangazwa mwaka 1867. Kabla ya hapo kisu cha mpasuaji kiliweza kumwua mtu ambaye maradhi yake yasingemwua. Lakini hofu ya magazeti haikuhusu kisu. Ilihusu haya.

Katika miezi yake ya mwisho, kwenye mabwawa ya Bangweulu, alitokwa na damu nyingi kwa njia ya haja kubwa. Alifariki katika kijiji cha Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja, ndiye aliyeupasua mwili ili ukaushwe, na ndani, upande wa kushoto, walikuta bonge la damu iliyoganda, lenye ukubwa kama wa kiganja cha mtu. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili huo, wakapita tena Unyanyembe mwezi Oktoba, kisha wakashika njia ile ile ya misafara mpaka Bagamoyo. Kama ni bawasiri, au kuhara damu, au homa ya malaria iliyommaliza, wataalamu bado wanabishana. Yumkini yote yalisaidiana.

Nimeanza na habari hii kwa makusudi. Mimi si daktari wa hospitali; kazi yangu ni kufundisha elimu ya vimelea katika chuo kikuu. Lakini kila mwaka, baada ya mhadhara wa minyoo, wanafunzi wakisha kutoka, hubaki mmoja au wawili wakijifanya wanapanga madaftari yao. Swali lao nalijua kabla hawajalisema. Huanza kwa kusema kwamba wana rafiki.

Rafiki huyo anawashwa katika njia ya haja kubwa. Anawashwa zaidi usiku. Amekwisha kununua dawa ya kupaka dukani, pengine tatu au nne, na sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo. Kwenda zahanati hawezi, kwa sababu mwuguzi wa hapo ni jirani yao, au ni umri wa mama yake. Basi makala hii ni ya huyo rafiki. Mengi katika muwasho huu ni mepesi na hupona nyumbani. Machache si mepesi, na mtu anayeficha yote kwa haya moja hawezi kuyatenganisha.

Kwanza tuitazame ngozi yenyewe. Mwisho wa utumbo mpana umefungwa na misuli miwili ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Ule wa ndani hufanya kazi bila ya kuagizwa, hata tukiwa usingizini. Ule wa nje twaweza kuubana kwa hiari. Ngozi inayozunguka mahali hapo ni nyembamba, imejikunja mikunjo mingi, na ina mishipa ya fahamu mingi mno. Ni sharti iwe hivyo, maana mwili unahitaji kupambanua hewa, maji na kitu kigumu bila ya macho. Lakini ngozi yenye hisia kali namna hiyo hulipa gharama yake. Mabaki madogo sana ya choo, jasho lililotuama, au ute kidogo uliovuja, huifanya iwashe.

Muwasho ukiisha kuanza, huwa na tabia ya kujilisha. Mtu hujikuna. Kucha huchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka hutoa majimaji. Majimaji huleta unyevu, na unyevu huzidisha muwasho. Wakati huohuo ngozi inayokunwa kila siku huanza kuwa nene na ngumu kama kiraka, nayo huwasha yenyewe hata kama sababu ya kwanza imekwisha kuondoka. Ndiyo maana mtu aweza kutibiwa minyoo barabara na bado akaendelea kuwashwa kwa majuma. Usiku ndio ubaya wake, kwa sababu kitanda kina joto, akili haina shughuli nyingine, na mkono wa mtu aliyelala hauombi ruhusa.

Sasa, ni nini kinachoanzisha? Watu wengi wakiulizwa watasema uchafu. Kumbe kwa watu wazima, mara nyingi kabisa, kosa huwa upande wa pili. Wahenga walisema kuchamba kwingi kutoka na mavi. Walikuwa wakizungumzia mambo mengine, lakini kwa tabibu wa ngozi methali hiyo ni kweli tupu, neno kwa neno. Ngozi ya binadamu ina uchachu kidogo unaoilinda na vijidudu. Sabuni nyingi, na hasa sabuni za mche za kufulia, zina asili ya magadi. Anayejisugua kwa sabuni mara tatu kwa siku huondoa mafuta ya ngozi pamoja na ule uchachu, kisha ngozi hukauka, hupasuka mipasuko isiyoonekana kwa macho, na huanza kuwasha. Naye, akidhani hajatakata, huzidisha sabuni.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu ya udaktari, majira ya baridi ya mwaka wa pili yalinikuta nikiwashwa hata nashindwa kukaa kitini maktabani. Nilikuwa nikisoma minyoo mchana kutwa, kwa hiyo niliamini nina minyoo. Nikajipima mwenyewe kwa siri katika maabara baada ya wenzangu kuondoka, mara nne, sikuona kitu. Nikaanza kuoga kwa dawa ya kusafishia vidonda iliyochanganywa na maji. Hali ikazidi. Miezi mitano ilipita kabla sijaenda kwa daktari, na aliyenipokea alikuwa mwuguzi mwanamke wa makamo aliyeniuliza swali moja tu: unajisafisha kwa nini? Nilipomweleza, hakucheka. Aliniambia niache kila kitu isipokuwa maji, na nijikaushe. Baada ya majuma matatu nilikuwa nimepona. Shahada ya uzamivu katika elimu ya vimelea haikunisaidia hata kidogo.

Wale wasiotumia maji nao wana lao. Karatasi ngumu ya gazeti, gunzi la mhindi na majani ya porini huchubua, na huacha mabaki katika ile mikunjo niliyoitaja. Desturi ya pwani ya kuchamba kwa maji, iliyofuata njia ya misafara hadi Tabora na Ujiji pamoja na misikiti, ni bora kwa ngozi, kwa sharti mbili ambazo watu husahau: maji yawe safi, na ngozi ikaushwe baadaye. Anayechamba kisha akavaa suruali ya nailoni juu ya ngozi iliyolowa na kupanda basi kwa safari ya siku nzima, amejitengenezea bwawa dogo.

Vipo pia vyakula na vinywaji. Kahawa hulegeza kidogo ule msuli wa ndani, na kwa baadhi ya watu huruhusu ute kuvuja. Chai kali, pombe, pilipili, nyanya nyingi na matunda yenye uchachu hulaumiwa pia, ingawa si kwa kila mtu. Njia ya kujua ni kuacha kimoja kwa majuma mawili na kutazama. Dawa za kuua bakteria, vile vidonge ambavyo wengi huviita vya rangi mbili tu na kuvinunua bila ya cheti, nazo huweza kuleta muwasho, kwa sababu huua bakteria wema wa tumboni na kuacha nafasi kwa kuvu.

Nifike sasa kwenye minyoo, ambayo ndiyo kazi yangu, na msomaji anisamehe nikikawia hapa.

Mnyoo anayehusika zaidi na muwasho huu, hasa kwa watoto, ni mdogo, mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Jike lake lina urefu wa kiasi cha milimita 8 hadi 13, na dume ni dogo zaidi. Wanasayansi humwita Enterobius vermicularis; sisi na tumwite mnyoo uzi. Huishi katika utumbo mpana bila ya kumwudhi mtu sana. Taabu huja usiku. Mtoto akisha kulala, jike lenye mimba hutambaa likatoka nje, likataga katika mikunjo ya ngozi mayai yapatayo 10,000 yenye utomvu wa kunata, kisha likafa. Mtambao ule na utomvu ule ndio muwasho. Mtoto hujikuna akiwa usingizini, mayai huingia chini ya kucha, na katika muda wa saa nne hadi sita tu yamekwisha kukomaa na yuko tayari kumeza mengine. Asubuhi hushika mkate, hushika mkono wa ndugu yake, hukung'uta shuka. Mayai huweza kuishi majuma mawili au zaidi katika shuka na vumbi la chumba penye ubaridi na unyevu.

Kwa hiyo mnyoo uzi ni maradhi ya nyumba, si ya mtu. Wala si maradhi ya umaskini: shule za Ulaya na Marekani zinamjua vizuri sana. Na sukari haimleti. Nimesikia tangu utoto kwamba mtoto anayelamba sukari atapata minyoo. Mnyoo hutoka katika yai la mnyoo, na sukari haina mayai. Kusaga meno usiku nako hakujathibitika kuwa dalili yake, ijapokuwa kila bibi wa Tabora atakuapia kuwa ndivyo.

Kumpima ni rahisi, lakini si kwa namna watu wanavyodhani. Choo kikipelekwa maabara mara nyingi hakionyeshi kitu, kwa kuwa mayai yako nje juu ya ngozi. Yafaa kuchukua kipande cha selotepu, kukibandika kwenye ngozi ya mahali hapo alfajiri kabla mtoto hajaoga wala kwenda chooni, kisha kukibandika juu ya kioo cha maabara na kukipeleka kikachunguzwe kwa hadubini. Jaribio moja likitoka tupu, lirudiwe asubuhi mbili nyingine. Mzazi mwenye tochi na subira aweza hata kumwona mnyoo mwenyewe saa mbili au tatu baada ya mtoto kulala.

Dawa zake ni albendazoli au mebendazoli. Hapa lipo jambo ambalo nimeona likiharibu matibabu mengi. Dawa hizi huua minyoo lakini haziyaui mayai vizuri. Kwa hiyo dozi ya kwanza lazima ifuatwe na ya pili baada ya majuma mawili, na zote mbili wapewe watu wote wa nyumba siku moja, hata wasiowashwa. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka miwili waulize kwanza kwa mganga. Siku ya dozi, shuka na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya moto, kucha zikatwe fupi, na mtoto alale na chupi ya kubana kidogo, kisha aoshwe asubuhi mara anapoamka. Dozi moja inayotolewa shuleni kwa mwaka ni jambo jema kwa safura na michango mikubwa, lakini mnyoo uzi huivumilia na kurudi.

Tegu wa ng'ombe ni habari nyingine. Mkoa wenye ng'ombe na wapenda nyama kama Tabora hauwezi kumkosa. Pingili zake, bapa na nyeupe kama vipande vya tambi, zina uwezo wa kutambaa zenyewe na kutoka bila ya kungoja haja. Mtu huhisi kitu kikitembea na kuwasha, au hukuta pingili katika nguo. Hutisha, lakini prazikwanteli kwa kipimo cha hospitali humwondoa. Asili yake ni nyama isiyoiva vizuri, na mishikaki myekundu katikati ndiyo njia yake ya kawaida.

Wa tatu simpendi hata kidogo, na ndiye asiyejulikana. Huyu ni Strongyloides, jamaa wa mnyoo wa safura. Kiluwiluwi chake hukaa katika udongo wenye kivuli na unyevu uliochafuliwa na choo cha binadamu, na huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu mtupu. Kwa damu hufika mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na hukaa katika utumbo mwembamba. Fikiria vituo vya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji: mamia ya wapagazi wa Kinyamwezi, miguu mitupu, wakilala mahali pale pale walipolala waliowatangulia, karibu na kijito na chini ya miti, na pembeni ya kambi kila mtu akitafuta kichaka chake. Kama ningetakiwa kubuni mahali pa kumstawisha mnyoo huyu nisingebuni pengine. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 vituo hivyo vilikufa, lakini mnyoo hakupanda treni. Yupo bado mashambani popote watu watembeapo peku na vyoo vikiwa haba.

Sifa yake ya ajabu ni kwamba baadhi ya viluwiluwi hukomaa mumo kwa mumo ndani ya utumbo, na vingine hupenya tena katika ngozi ya kuzunguka njia ya haja kubwa bila ya kungoja kugusa udongo. Hapo huonekana mstari mwekundu ulioinuka, wenye kuwasha vikali, ukikimbia matakoni au pajani kwa mwendo wa sentimita tano hadi kumi kwa saa. Huo ni mwendo wa haraka sana kwa mnyoo wa ngozini. Kwa njia ya kujiambukiza upya, mtu aweza kukaa naye miongo kadhaa. Walioshikwa mateka huko Asia katika Vita Kuu ya Pili walikutwa naye zaidi ya miaka thelathini baada ya kurudi Uingereza. Dawa yake bora ni aivermektini. Na hatari yake kubwa ni hii: mtu mwenye mnyoo huyu akipewa vidonge vya jamii ya kotizoni kwa ajili ya pumu au maradhi mengine, kinga yake hushuka, minyoo huzaana bila ya kiasi, na mgonjwa huweza kufa. Aliyeona mstari wa namna hiyo na amwambie daktari kabla ya kuandikiwa dawa yoyote.

Maradhi ya ngozi nitayapita upesi. Choa na kuvu wengine hupenda mahali pa joto na unyevu, na huwasumbua zaidi wenye kisukari. Mtu anayewashwa, ana kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari. Ukurutu hutokea pale kama utokeavyo mikononi. Upele huwasha mwili mzima, hasa usiku, na kwa kawaida nyumba nzima hujikuna. Masundosundo na maradhi mengine ya zinaa hutokea pia, na mwenye sababu ya kuyashuku aseme wazi, maana daktari hawezi kuyakisia.

Lakini juu ya dawa za kupaka sitapita upesi. Madukani ziko krimu zenye kotizoni kali sana, zile zile ambazo watu hujichubulia uso. Zikipakwa penye muwasho huleta nafuu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo hila yake. Huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, humlisha kuvu, na zikiachwa muwasho hurudi mara mbili. Haidrokotisoni dhaifu, ile ya asilimia 1, yaweza kufaa kwa siku saba hivi kwa ushauri wa mganga. Zaidi ya hapo sivyo. Dawa za ganzi za kupaka nazo hutokea zikaudhi ngozi. Mafuta ya taa, dawa ya meno, ndimu na chumvi ya kukoroga, ambavyo vyote nimesimuliwa, ni kumwagia moto mafuta.

Tumrudie mgeni wa Kwihara. Bawasiri si uvimbe uliotoka nje ya maumbile. Kila binadamu ana vijito vya damu vilivyokusanyika kama mito midogo ndani ya njia ya haja kubwa, vinavyosaidia kuifunga barabara. Mtu anayekamua kwa nguvu kila siku kwa sababu ya choo kigumu, mama mwenye mimba, na anayekaa chooni muda mrefu, huisukuma mito hiyo mpaka ikavimba, ikashuka na kutokwa damu. Ikishuka, ute huvuja na ngozi huwasha. Kwa kawaida haiumi, isipokuwa damu ikiganda ndani yake. Maumivu makali kama ya wembe wakati wa haja ni dalili ya mpasuko, na usaha unaotoka katika tundu la pembeni ni dalili ya nasuri, ambayo ni kazi ya mpasuaji.

Tiba ya kwanza imo jikoni. Ugali wa mtama, uwele au dona, maharage, mlenda, mboga za majani na maji ya kutosha hulainisha choo; sembe nyeupe kila siku na nyama hukifanya kigumu. Wanyamwezi wa zamani walikula vizuri kuliko wajukuu wao kwa habari hii. Yafaa pia kwenda haja mara tu inapobisha, na kutokaa chooni kusoma gazeti. Asali na nta ya Tabora nayo ina neno lake: mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watu 15 wenye bawasiri au mipasuko waliopakwa mchanganyiko wa asali, nta na mafuta ya zeituni, wakapungukiwa na muwasho na damu. Watu 15 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo sisemi kwamba ni dawa. Nasema ni swali zuri kwa watafiti wa nchi inayorina asali. Bawasiri isiyosikia chakula hufungwa shingoni kwa mpira mdogo katika hospitali kubwa, ikanyauka na kudondoka yenyewe, bila ya kisu alichokiogopa Livingstone. Mabango ya barabarani yanayodai kwamba bawasiri humaliza nguvu za kiume yanauza hofu. Na wanaoichoma kwa dawa kali za unga huacha makovu yanayoiziba njia kabisa.

Kwa rafiki wa mwanafunzi wangu, basi, ningeshauri hivi kwa majuma mawili au matatu. Aache sabuni na dawa zote mahali hapo. Achambe kwa maji matupu, ajikaushe kwa kitambaa laini kwa kugusa bila ya kusugua. Avae chupi za pamba zisizobana. Apake mafuta ya mgando kidogo sana, au dawa nyeupe yenye zinki ambayo wengine huwapaka watoto wachanga. Muwasho ukizidi, akae katika beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika kumi. Akate kucha, na usiku avae glavu au soksi za pamba mikononi; atachekwa na mwenziwe, lakini ngozi itapata siku za kupona. Kama nyumbani kuna watoto wanaojikuna, nyumba yote imeze dawa ya mnyoo uzi mara mbili kama nilivyoeleza.

Isipopungua, aende. Na wapo wasiopaswa kungoja hata hayo majuma: anayeona damu, iwe juu ya choo au imechanganyika nacho, anayekonda bila ya sababu, ambaye mwendo wa haja yake umebadilika, aliyegusa kinundu kigumu au kidonda kisichopona, mwenye upungufu wa damu, na wanaoishi na virusi vya ukimwi, ambao saratani ya mahali hapo huwapata zaidi kuliko wengine. Watu wanaooga au kuvua katika Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika wakiona damu katika choo wapimwe kichocho cha tumbo. Saratani ya utumbo mpana imewahi kutibiwa kama bawasiri kwa mwaka mzima, kwa sababu mgonjwa alijipa jina la ugonjwa mwenyewe na hakuna aliyemtazama.

Sentensi ya kusema pale dirishani ni fupi: nina tatizo katika njia ya haja kubwa, naomba kuonana na daktari faraghani. Mwenye haya na aiandike katika karatasi akamkabidhi. Aweza kuomba daktari wa jinsi yake, na kuomba mwuguzi awepo. Ndani ataulizwa muwasho ulianza lini, anajisafisha kwa nini, amepaka nini, na kama ameona damu. Kisha atalala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, amefunikwa shuka. Daktari atavaa glavu, atatazama ngozi kwa taa, ataingiza kidole kilichopakwa mafuta, na pengine bomba fupi la kutazamia. Haiumi ikiwa hakuna mpasuko, na yote huchukua dakika chache, pungufu ya muda aliokaa nje akisitasita.